Chipu Iliyobadilishwa Uso: Historia Fupi ya Vijenzi Bandia

Juma lililopita tulikuwa darasani tukisoma kifungu cha ufahamu kuhusu haki za mlaji, na kifungu hicho kilitaja simu bandia. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu akainua mkono. "Mwalimu," akasema, "shati la mivumba ni shati halisi, wala hakuna anayeliita bandia. Kwa nini basi kijenzi kilichong'olewa kwenye simu kuukuu na kuuzwa tena kiitwe bandia?" Nilimsahihisha kwanza kwamba Kiswahili sanifu husema mitumba, na kwamba mivumba ni neno letu la hapa Uganda. Nakiri kuwa masahihisho hayo yalikuwa njia ya kujipatia muda. Swali lilikuwa zito kuliko jibu nililokuwa nalo, na kengele ikaniokoa. Makala haya ni jibu langu, nayo yamekuwa marefu kuliko nilivyodhani.

Tuanze na maneno yenyewe, kama ilivyo desturi yetu hapa. Bandia ni kitu kisicho halisi. Na katika Kiswahili neno hilo hutumika pia kwa mwanasesere, yule mtoto wa matambara ambaye watoto humbeba na kumbembeleza. Mtoto anajua kwamba bandia wake si mtu, kwa hiyo hakuna aliyedanganywa. Kughushi ni jambo jingine: ni kutengeneza au kubadili kitu kwa nia ya kumlaghai mwenzako, kama mtu anavyoghushi saini au cheti cha shule. Mitaani tunasema feki na kumaliza maneno. Ama kijenzi, hicho ni kipande chochote kidogo kinachounganishwa kwenye bodi ya saketi: chipu, transista, kapasita na ndugu zao. Nitasema "vijenzi bandia" kwa kuwa ndivyo watu wanavyosema, lakini naomba uliweke neno kughushi karibu nawe, kwani jibu la swali la mwanafunzi wangu limejificha humo.

Niruhusu nipite kwanza pwani. Wafanyabiashara wa Zanzibar, Arabuni na Uhabeshi wa karne ya 19 walitumia sarafu ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria. Malkia huyo alifariki mwaka 1780, na sarafu yake iliendelea kufuliwa kwa miaka mingi baada ya kifo chake, daima ikiwa na tarehe ile ile ya 1780. Yaani tarehe iliyoandikwa usoni mwa sarafu nyingi ilikuwa ya uongo, na kila mtu alijua. Watu waliipokea kwa sababu fedha iliyokuwamo ilikuwa kamili, na aliyekuwa na shaka aliweza kuipima kwa mizani, kuigonga asikie mlio wake, au kuhesabu lulu kwenye bizimu ya malkia. Sarafu ilikuwa na thamani ndani ya mwili wake, na mizani ilitosha kuithibitisha.

Chipu haina mizani. Kwa nje ni kijitofali cheusi cha plastiki au kauri chenye miguu ya chuma, na mara nyingi ni kidogo kuliko ukucha. Kilicho na thamani ni kipande cha silikoni kilichofungiwa ndani, usichoweza kukiona. Unachokiona ni maandishi tu: jina au nembo ya kiwanda, namba ya aina, na namba ya tarehe inayoonyesha mwaka na juma la kutengenezwa. Maandishi hayo ndiyo ahadi yote. Chipu ya matumizi ya kawaida huahidiwa kufanya kazi kwenye joto la kati ya nyuzi 0 na 70 za Selsiasi. Ya kijeshi huahidiwa kuhimili kuanzia nyuzi 55 chini ya sifuri hadi nyuzi 125 juu yake. Kwa macho, chipu hizi mbili zaweza kufanana kama mapacha, huku bei zao zikiwa mbali kabisa. Anayefuta maandishi ya ile ya kwanza na kuandika ya pili amepata utajiri kwa gharama ya wino, na mashine itakayobeba chipu hiyo huenda ifanye kazi vyema kabisa mezani, kisha ishindwe angani kwenye baridi kali.

Sasa tujiulize: mnunuzi mwenye akili timamu hufikaje kwa muuzaji wa namna hiyo? Watu wengi hudhani ni kwa sababu ya kupenda rahisi. Upo ukweli katika dhana hiyo, ila chanzo kikubwa zaidi ni umri. Ndege ya kijeshi huruka miaka 30 au 40, na ipo inayozidi hapo. Chipu huzalishwa miaka michache tu, kisha kiwanda hufunga mstari huo na kuhamia kwenye chipu mpya ambayo wanunuzi wa simu na kompyuta wanaitaka. Ndege inapoharibika mwaka wake wa 20, kijenzi chake kimeshasahauliwa na waliokitengeneza. Hali hiyo iliongezewa uzito mwezi Juni 1994, pale Waziri wa Ulinzi wa Marekani, William Perry, alipotoa waraka ulioagiza jeshi lipunguze viwango vyake maalumu na kununua zaidi bidhaa za soko la kawaida. Ulikuwa uamuzi wa busara kwa upande wa gharama. Lakini soko la kawaida lina tabia ya kukimbia, na jeshi lina tabia ya kukaa. Nafasi iliyobaki kati ya tabia hizo mbili ilijazwa na madalali.

Dalali wa vijenzi si mhalifu kwa asili yake. Wako wanaonunua masalio ya viwanda, wakayahifadhi vizuri na kuyauza kwa haki baada ya miaka 15. Tatizo ni kwamba dalali mmoja hununua kwa mwingine, naye kwa mwingine, na karatasi za uthibitisho hupotea au hutengenezwa njiani. Mwisho wa mnyororo huo wa ugavi, mara nyingi, ulikuwa katika mji mmoja wa kusini mwa China uitwao Guiyu.

Guiyu uko katika eneo la Shantou, mkoa wa Guangdong. Kuanzia miaka ya 1990 ulipokea kompyuta, printa na runinga zilizotupwa, nyingi kutoka Marekani, Ulaya na Japani. Mwaka 2002 mashirika ya mazingira yalionyesha dunia jinsi kazi ilivyofanyika huko, na picha zake zilisambaa. Wafanyakazi, wengi wao wahamiaji waliotoka vijijini, walikaa mbele ya majiko ya makaa wakipasha moto bodi za saketi hadi risasi ya kulehemu ikayeyuka, kisha wakang'oa chipu kwa koleo. Moshi waliouvuta ulikuwa wa risasi na plastiki. Nyaya zilichomwa wazi ili shaba ibaki. Mabaki yalimwagwa mtoni, na watafiti waliopima damu ya watoto wa mji huo walikuta kiwango kikubwa cha madini ya risasi. Naandika habari hii polepole kwa makusudi. Katika maandiko mengi kuhusu vijenzi bandia, watu hawa hutajwa kama "wahalifu wa China" kisha mwandishi huendelea na ndege. Mimi naona kwamba aliyekuwa akipuliziwa moshi usoni kwa ujira mdogo hakuwa amelaghai mtu yeyote. Alikuwa akitenganisha taka za watu wengine.

Ulaghai ulianza hatua iliyofuata. Chipu zilizong'olewa zilioshwa, wakati mwingine kwa maji ya mto, zikaanikwa kando ya njia kama sisi tunavyoanika mahindi, na kupangwa kwa ukubwa. Kisha zikapelekwa kwenye karakana zilizozipiga msasa usoni mpaka maandishi ya awali yakafutika, zikapakwa rangi nyeusi kuficha mikwaruzo, zikanyooshwa miguu na kutiwa bati jipya, na hatimaye zikachapwa jina, aina na tarehe ambayo mnunuzi aliitaka. Chipu elfu moja zenye asili kumi tofauti zikatoka hapo zikiwa na uso mmoja. Zikauzwa Shantou na Shenzhen kwenye masoko ya wazi, na kupitia mtandao zikafika kwa madalali wa kila bara.

Usidhani msasa ulikuwa njia pekee. Mwaka 2006 kampuni ya Kijapani ya NEC ilibaini kwamba walaghai walikuwa wameghushi kampuni nzima. Kulikuwa na mtandao wa viwanda karibu 50 katika China, Hong Kong na Taiwan vilivyotengeneza bidhaa kwa jina la NEC, vikitumia karatasi na hati zenye nembo ya kampuni hiyo. Baadhi ya bidhaa hizo hata NEC yenyewe haikuwahi kuzitengeneza! Nikiwaeleza wanafunzi kisa hiki, huwa wanacheka. Nami hucheka pia, ingawa sijui hasa tunacheka nini.

Kwa muda mrefu kila kampuni iliyolaghaiwa ilinyamaza, kwa kuwa kukiri ni kujiaibisha mbele ya wateja. Mnamo Januari 2010 Wizara ya Biashara ya Marekani ikachapisha matokeo ya uchunguzi uliohusisha kampuni na taasisi 387 za sekta ya ulinzi. Matukio ya vijenzi vya elektroniki vya kughushi yaliyoripotiwa nao yalikuwa 3,868 mwaka 2005. Mwaka 2008 yakafika 9,356. Wahandisi walikuwa wameshaanza kujilinda: Aprili 2009 chama chao cha SAE kilitoa kiwango kiitwacho AS5553, kinachoeleza jinsi mtengenezaji anavyopaswa kununua, kukagua na kutoa taarifa. Ila kiwango ni ushauri. Hakimfungi asiyetaka kufungwa.

Machi 2011 Kamati ya Seneti ya Marekani inayohusika na majeshi ilitangaza uchunguzi wake, ikiongozwa na Maseneta Carl Levin wa chama cha Democratic na John McCain wa Republican. Inafaa uwaone wakiwa pamoja, kwani ni nadra vyama hivyo kukubaliana. Wachunguzi wao waliomba viza ya kwenda China wakajionee, China ikakataa. Kikao cha wazi kilifanyika Novemba 8, 2011 na ripoti ikatoka Mei 2012. Kwa miaka miwili tu, 2009 na 2010, kamati ilikuta visa karibu 1,800 vya vijenzi vilivyoshukiwa, na idadi ya vijenzi vyenyewe ilizidi milioni moja. Ilipofuatilia zaidi ya visa 100 hadi asili yake, zaidi ya asilimia 70 ya vijenzi ilitoka China.

Sehemu ya uchunguzi huo niipendayo zaidi ni ile iliyofanywa na ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO. Wakaguzi walianzisha kampuni ya kubuni, wakajiandikisha kwenye majukwaa ya biashara ya vijenzi mtandaoni, na kuagiza vitu 16. Saba vilikuwa na namba za kweli za vijenzi adimu vilivyoacha kutengenezwa. Vitano waliviomba vikiwa na tarehe za kutengenezwa zilizokuja baada ya kiwanda halisi kusitisha uzalishaji, yaani tarehe zisizowezekana. Vinne vilivyobaki vilikuwa na namba ambazo wakaguzi walizitunga tu. Vijenzi vya namba hizo havikuwahi kuwapo duniani. Wauzaji wakaleta vyote 16. Vyote vilitoka China na hakuna hata kimoja kilichokuwa halali. Msomaji, itafakari ile minne: mtu ameulizwa bei ya kitu kisichokuwapo, naye akajibu kwamba anacho, akakichapa jina lake na kukifungasha. Ripoti ilitoka Februari 2012, na sijaona hoja fupi kuliko hiyo ya kuonyesha kwamba maandishi usoni mwa chipu yalikuwa yamegeuka kuwa kitu cha kuagizwa, kama kofia ya harusi.

Na madhara? Kamati ilionyesha helikopta za jeshi la wanamaji aina ya SH-60B. Kifaa chao cha kuonea gizani kilikuwa na transista za kushukiwa, zilizotoka kampuni moja ya China, zikapita Uingereza, kisha mikononi mwa kampuni kadhaa za Marekani kabla ya kufungwa ndani ya helikopta. Kifaa hicho kikizimika, rubani hawezi kutambua shabaha yake usiku. Ilionyesha pia ndege za mizigo C-130J na C-27J, ambazo skrini za chumba cha marubani zilikuwa na chipu za kumbukumbu za kughushi. Mtengenezaji wa skrini alikuwa ameona ajabu kwenye vipimo vyake: chipu hizo zilizokuwa zikifeli kwa asilimia 8.5 zilifikia asilimia 27. Skrini hiyo ndiyo inayomwambia rubani hali ya injini, mafuta yaliyobaki na mahali alipo. Mbili kati ya C-27J zilikuwa zimeshapelekwa Afghanistan. Miezi mingi ilipita kati ya siku mtengenezaji alipogundua na siku Jeshi la Anga lilipoarifiwa.

Kisa cha tatu kilinigusa kwa sababu ya hesabu yake. Kompyuta za mfumo wa kutungua makombora uitwao THAAD zilikutwa na chipu za kushukiwa, ikabidi zirekebishwe kwa gharama ya karibu dola milioni 2.7. Nani alilipa? Si dalali, si kiwanda kilichonunua bila kukagua. Ililipa serikali, maana yake mwananchi mlipa kodi. Mkataba ulivyoandikwa, mkandarasi aliyefunga kijenzi kibovu aliruhusiwa kudai malipo ya kukifungua.

Hapo ndipo sheria ilipoingia. Desemba 31, 2011 Rais Barack Obama alitia saini Sheria ya Idhini ya Ulinzi wa Taifa ya mwaka wa fedha 2012, na kifungu chake cha 818 kikabadili mambo mawili makubwa. Kwanza, makandarasi walitakiwa kununua, kila inapowezekana, kutoka kwa mtengenezaji wa awali au wasambazaji walioidhinishwa naye, na wakishindwa hapo watafute wauzaji wanaoaminika. Pili, gharama ya vijenzi vya kughushi na marekebisho yake haikudaiwa tena kwa serikali. Kwa maoni yangu, sentensi hiyo ya pili ilifanya kazi kuliko hotuba zote za Seneti. Ghafla kila mkurugenzi alikuwa na sababu ya kumwuliza mnunuzi wake: chipu hizi umezitoa wapi? Mwanzoni mwa 2013 Bunge lililegeza kidogo masharti hayo kwa mkandarasi mwenye mfumo ulioidhinishwa wa ugunduzi, aliyefunga kijenzi kilichotolewa na serikali yenyewe na akatoa taarifa kwa wakati. Kanuni kamili za utekelezaji zilitoka Mei 2014. Mahakama nazo hazikulala: msimamizi mmoja wa kampuni ya Florida iliyoingiza chipu za kughushi na kuziuza kama za daraja la kijeshi alihukumiwa kifungo cha miezi 38 mnamo Oktoba 2011.

Utaniuliza, je, haiwezekani kukagua tu? Inawezekana, na ufundi wake unavutia. Mkaguzi huanza kwa hadubini akitafuta mistari ya msasa, au kile kishimo kidogo kinachoonyesha mguu wa kwanza wa chipu, ambacho kwenye chipu iliyopakwa upya huwa kimejaa rangi. Hupaka kimiminika kama asetoni kwa pamba. Uso wa kweli hubaki ulivyo, uso wa kupaka huacha weusi kwenye pamba. Husoma namba za tarehe, kwa kuwa walaghai wengine hawajui historia: wameandika mwaka ambao kiwanda kilikuwa kimeshafungwa. Hupiga eksirei na kulinganisha chipu za pakiti moja, kwani zikiwa na mifupa tofauti ndani ya ngozi moja jambo limejulikana. Mwisho, hufungua chache kwa asidi na kusoma alama ndogo zilizochapwa kwenye silikoni yenyewe. Chipu iliyofunguliwa hivyo imekufa, na hapo ndipo ulipo udhaifu wa ukaguzi: unaua sampuli ili uamini zilizobaki. Walaghai walipolijua hilo walianza kuchanganya halisi na za kughushi ndani ya pakiti moja. Tangu Novemba 2012 wakala wa ugavi wa jeshi la Marekani ulidai hata chipu zitiwe alama ya DNA ya mimea ili asili yake ithibitike. Viwanda vikalalamikia gharama. Hivyo wahandisi wengi hukubaliana kwamba ulinzi wa kwanza uko ofisini mwa mnunuzi kabla haujafika maabara. Anayejua mapema kwamba chipu yake itaacha kutengenezwa hununua akiba ya kutosha, au hubuni upya bodi yake. Asiyejua atampigia simu dalali saa ya dhiki, kama walivyofanya wengi wakati wa uhaba mkubwa wa chipu wa 2020 hadi 2022.

Lipo jambo moja ambalo sheria ile ililiacha. Taka zilizolisha majiko ya Guiyu zilisafirishwa na nchi tajiri zenyewe. Mkataba wa Basel wa mwaka 1989, unaodhibiti usafirishaji wa taka za hatari kati ya mataifa, ulianza kutumika 1992. Marekani iliutia saini na haijauridhia mpaka leo. Taifa liliuza mtumba wake kwa kilo, likashangaa kuununua tena kwa kipande.

Swali la nani alipe halikuishia jeshini. Oktoba 2014 kampuni ya Uskoti ya FTDI, ambayo chipu zake za kuunganisha vifaa na kompyuta zilikuwa zikighushiwa sana, ilisambaza programu mpya kupitia masasisho ya Windows. Programu hiyo ilipokutana na chipu ya kughushi iliibadili namba yake ya utambulisho kuwa sifuri, na kompyuta ikaacha kuitambua. Waliopoteza vifaa walikuwa watu walionunua kwa nia njema, ambao hawakuwa na hadubini wala asidi. Kelele zilikuwa nyingi na programu ikaondolewa. Kampuni ilikuwa imeibiwa kweli. Lakini fimbo ilimpiga aliyekuwa karibu.

Jirani zetu wamepita njia inayofanana na hiyo. Mwishoni mwa Septemba 2012 Kenya ilizima simu bandia karibu milioni 1.9 kwenye mitandao yake, na Tanzania ikafanya hivyo hivyo Juni 16, 2016. Simu zilitambuliwa kwa namba yake ya IMEI yenye tarakimu 15, ile unayoiona ukibonyeza *#06#. Serikali zilikuwa na hoja za haki: usalama, wizi, afya ya watumiaji, kodi. Wananchi walipewa muda na njia ya kuhakiki. Hata hivyo, mama muuza ndizi aliyenunua simu dukani, mchana kweupe, ndiye aliyeamka asubuhi na kuikuta kimya. Ukilinganisha na kifungu cha 818 utaona tofauti: kule hasara ilipandishwa juu kwa mwenye uwezo wa kuchunguza, huku ilishushwa chini kwa asiye nao. Siwalaumu wasimamizi wa mawasiliano kwa kutaka soko safi. Nauliza tu kama muuzaji mkubwa aliyeingiza makontena aliwahi kuzimiwa chochote.

Nimrudie mwanafunzi wangu. Jumamosi nilikwenda naye kwa fundi wa simu aliye jirani na soko la mji wetu. Juu ya meza yake kulikuwa na bodi za simu zilizokufa, mashine ya kupuliza hewa ya moto, na mikebe ya vijenzi alivyong'oa. Kazi ile ile ya Guiyu, ila dirisha liko wazi na bodi ni tatu au nne kwa siku. Nilimwuliza kama wateja wanajua vinatoka wapi.

"Mwalimu, ninawaambia," akasema. "Hiki kimetoka kwenye simu nyingine, bei yake nusu, kikifa ndani ya mwezi niletee. Anayetaka kipya namwambia angoje, nitaagiza Kampala."

"Na ukiambiwa ukisafishe uandike kipya?"

Akamtazama kijana, si mimi. "Nitaandika kwa mwandiko gani, na kila mtu hapa anaujua wangu?"

Mwanafunzi wangu alikaa kimya njia nzima ya kurudi, kisha akaniambia kwamba shati la mitumba huuzwa likiwa na kola iliyochakaa, na kila mtu anaiona. Nimemwomba fundi aje darasani Jumatano pamoja na mkebe wake mmoja. Kijana ameshaanza kuandaa maswali, na nimemtaka ayaandike kwa Kiswahili sanifu, mitumba badala ya mivumba.